Mgongo wa Mozaiki Kwenye Mvua za Kyela

Mozaiki inapoanza kupukutika, watu hulaumu gundi. Mara nyingi gundi haina kosa. Okota kipande kilichoanguka, kigeuze, na utaona gundi ingali imekishika barabara, nyuma yake kukiwa na utando wa lipu au wa mbao uliobanduka nacho. Kilichoshindwa ni mgongo, yaani kile kitu kinachobeba vipande vyote. Kuanzia mdomo wa Mto Songwe hadi Matema, kando ya Ziwa Nyasa, uchaguzi wa mgongo ndio unaoamua kama picha iliyopambwa ukutani mwa shule, kanisa au nyumba ya wageni itaishi miaka mingi au itakwisha kwa misimu miwili ya mvua.

Kyela ni tambarare iliyo chini, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, imezungukwa na vilima vya Rungwe upande wa kaskazini na milima ya Livingstone upande wa mashariki. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani hugonga milima hiyo, hupanda, hupoa na kumwaga maji. Mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, wakati Dodoma haifiki 600. Mnamo Machi na Aprili mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hujaa hadi mashamba ya mpunga, na maji ya ardhini hupanda karibu kabisa na uso. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliosimama kwenye ardhi hiyo hunywa maji kutoka chini, na hunywa tena ubavuni mvua inapopigwa na upepo. Kisha jua linatoka, na uso wa ukuta unapata moto ilhali ndani bado ni mbichi.

Vitabu vingi vya ufundi huu vimeandikwa katika nchi za baridi, na adui anayetajwa humo ni barafu. Maji yanapoganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, kwa hiyo kipande chenye vitundu kikinywa maji wakati wa baridi kali hupasuka. Ndiyo maana vitabu hivyo hukataza kabisa udongo uliochomwa kwa moto mdogo. Kyela hakuna barafu. Vipande vya vyungu vya Wakisi, vile vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuuzwa gulioni Lyulilo, karibu na Matema, vinaweza kukaa nje bila kupasuka, na rangi yake ya udongo ni nzuri kuliko marumaru nyingi za dukani. Vilowekwe tu kwenye maji kabla ya kubandikwa, visije vikanyonya maji ya gundi kabla haijashika. Vitaota ukijani mahali penye kivuli, na ukijani huo unasuguliwa kwa brashi. Hofu yetu iwe juu ya maji yanayoingilia nyuma, na juu ya mgongo unaovimba na kunywea huku vipande vilivyo juu yake havifuati.

Kwa sababu hiyo mbao haifai. Nasema hivyo nikijua kwamba plaiwudi ni nyepesi, inakatwa kwa msumeno wowote, na fundi seremala yuko kila mtaa. Ubao wenye upana wa sentimita 30 unaweza kutanuka na kusinyaa milimita kadhaa kati ya Oktoba yenye ukavu na Aprili yenye mafuriko, na hakuna groti (kijazio cha nafasi kati ya vipande) inayovumilia mwendo huo. Plaiwudi hutulia zaidi kwa sababu tabaka zake zimepishana, lakini kingo zake hunywa maji, tabaka huachana, na mchwa hawaulizi daraja la ubao. Hata ile ya kujengea mashua inategemea kufungwa kila upande kwa rangi isiyopitisha maji, na kila tundu la skrubu unalotoboa baadaye ni mlango mpya. Gundi nyeupe ya seremala nayo huanza kulainika ikikaa kwenye unyevu. Mbao iliyobandikwa vipande kwa gundi hiyo ifanywe pambo la sebuleni.

Jipsamu ya dari isifikiriwe; maji huilainisha hadi ikabomoka. Mabati na bamba za alumini zina tatizo jingine. Zege yenye urefu wa mita 1 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hutanuka kama milimita 0.3, kioo karibu hivyo hivyo, na kigae cha udongo pungufu kidogo. Alumini hutanuka kama milimita 0.7. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inarudiwa kila siku ya jua, na kila mara inavuta mshiko wa gundi kutoka upande uleule. Bati jembamba, juu ya hayo, hunyumbuka likisukumwa na upepo.

Hapa niseme jambo zito. Kwenye majengo ya zamani bado yanapatikana mapaa ya asbesto, na yakishushwa, mtu anaweza kuyaona kuwa mgongo wa bure: ni saruji, hayaozi, hayaliwi na mchwa. Usiyakate, usiyatoboe, usiyapige msasa. Vumbi lake lina nyuzi ndogo zinazokaa mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye, kwako na kwa watoto wanaocheza karibu na kazi yako.

Bodi za saruji za kiwandani ni chaguo zuri. Ukizipata madukani Mbeya au Dar es Salaam, uliza ndani yake mna nini. Zile zilizoshikwa na wavu wa nyuzi za kioo pande zote mbili hazibadiliki kwa maji. Zile zilizochanganywa na nyuzi za mbao zinafaa pia, ila kingo na mgongo wake lazima vipakwe kizuia maji. Ubaya wake ni bei na safari. Bodi iliyopasuka pembeni barabarani si bodi tena.

Mimi ningechagua bamba jembamba la saruji lenye wavu ndani, linalomwagwa palepale Kyela na fundi ujenzi yeyote makini. Mbinu yenyewe ni ya zamani: Mfaransa Joseph-Louis Lambot aliunda mashua kwa njia hii mnamo 1848, na Afrika Mashariki wengi wanaifahamu kupitia matangi ya kuvunia maji ya mvua. Kitu kinachozuia maji ya tangi kutoka kinaweza kuzuia maji ya mvua kuingia.

Tandika nailoni kwenye sakafu iliyonyooka, panga fremu ya mbao yenye kimo cha sentimita 2.5, na usizidi sentimita 60 kwa 60. Ndani uweke wavu wa kuku wa tabaka mbili, uliopakwa zinki, ukiwa umefungwa pamoja kwa waya ili usicheze. Changanya saruji kipimo kimoja kwa mchanga vipimo viwili, na maji yawe machache: ukikamata ujazo wa mkono na kuufinya, ukae na umbo bila kuchuruzika. Maji mengi humrahisishia fundi kazi ya siku moja, kisha huacha vitundu ambamo mvua itapita miaka yote. Shindilia kwa mwiko hadi saruji ipenye kila tundu la wavu, na wavu usikaribie uso kwa chini ya milimita 5. Kwenye pembe nne acha matundu ya kuning'inizia kwa kupachika vipande vya bomba la plastiki. Uso wa juu uchanwe kwa ufagio wa njiti kabla haujakauka, maana gundi ya marumaru inataka uso wenye mikwaruzo.

Mchanga unahitaji jicho. Ziwa Nyasa ni maji baridi, kwa hiyo mchanga wake hauna chumvi ya kula wavu kama ule wa Bahari ya Hindi. Hata hivyo mchanga wa ufukweni unaweza kuwa laini mno, na ukiona vimetameta vingi vya ulanga, tafuta mwingine. Ule wa mtoni ujaribiwe kwa chupa: tia mchanga na maji, tikisa, acha utulie hadi kesho, na kama tope lililokaa juu ni nene, uoshe.

Bamba lifunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku 7, na zikiwa 14 ni bora, kisha lipumzike hadi siku ya 28. Litakuwa na uzito wa kilo 22 hivi, na likishabandikwa marumaru lifike 28 au 29. Watu wawili wanalibeba bila shida. Picha kubwa ijengwe kwa mabamba mengi yaliyoachiana milimita 5, na mwanya huo uzibwe kwa silikoni badala ya groti, ili kila bamba lipumue peke yake. Juan O'Gorman alipofunika kuta za Maktaba Kuu ya chuo kikuu cha taifa jijini Mexico kwa mawe ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipanga mawe hayo kwenye mabamba ya zege ya takriban mita moja ya mraba, na yangali ukutani.

Faida kubwa ya bamba ni kwamba halibandikwi ukutani. Linaning'inizwa kwa boliti za chuma kisichoshika kutu, na kati yake na ukuta unabaki uwazi wa sentimita 2 ambamo hewa inapita na maji yanashuka. Unyevu wa ukuta hauligusi, na ule unga mweupe unaochomoza kwenye groti baada ya masika unapungua sana, kwa kuwa hutokana na maji yanayopita nyuma yakibeba chokaa ya saruji. Kuna sababu nyingine kwa watu wa bonde hili. Mnamo Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko, kubwa kuliko yote likiwa na ukubwa wa 6 hivi, uliharibu nyumba nyingi Karonga nchini Malawi, ng'ambo tu ya mpaka, katika Bonde la Ufa lilelile. Ukuta ukipata ufa, mozaiki iliyobandikwa juu yake hupata ufa huohuo. Bamba lililoning'inizwa hutikisika tu.

Wapo watakaotaka kubandika moja kwa moja, na si haramu. Wahenga wa pwani walipachika mabakuli ya Kichina kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui, ndani ya lipu ya chokaa juu ya mawe ya matumbawe. Yalipong'oka mabakuli, matundu yake ya mviringo yalibaki, maana chokaa huruhusu unyevu kutoka. Ukuta wetu wa tofali na lipu ya saruji hauna huruma hiyo. Basi rangi yote ikwanguliwe, lipu inayolia tupu ikigongwa ibomolewe, picha ianzie angalau sentimita 60 juu ya ardhi, na paa litokeze vya kutosha juu yake.

Kazi ya kumwaga ipangwe kwa majira. Mabamba ya Juni yanakuwa yamekomaa Julai, vipande vinabandikwa Agosti, na groti inapata Septemba na Oktoba nzima kukauka kabla ya mvua za Novemba.