Alama kumi za kufungua mdomo

Nilikwenda kwake kuuliza habari za chokaa. Nilikuwa naandika juu ya watu wanaorudi kutoka Ghuba kukarabati nyumba za wazee wao Mji Mkongwe, nikaelekezwa kwa mama huyu kwa sababu fundi wake alikuwa ametokomea na kumwachia ukuta nusu. Baada ya shikamoo na marahaba, kahawa na haluwa, akanipa daftari lake la hesabu nijionee bei mwenyewe. Nikalifungua upande usiokuwa wangu.

Sikuona bei. Niliona majina yapata 30, yameandikwa kwa hati ya Kiarabu na wino wa kijani, na mbele ya kila jina safu ya alama: vistari, nukta, viduara. Mbele ya majina mengine alama zilisongamana kama sisimizi kwenye tone la asali. Mbele ya jina la tisa kutoka juu palikuwa peupe.

"Hayo ya kazini, mwanangu," akasema. "Bei ziko nyuma."

Habari ya chokaa ikaishia hapo.

Kwa miaka mingi mama huyu alifundisha uandishi wa insha kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha mtindo wa Kimarekani huko Ghuba. Mtindo wenyewe tunaufahamu: anayesomea uhandisi atapitia falsafa na historia atake asitake, na siku ya kwanza kila mwanafunzi hupewa karatasi inayogawa alama 100 za muhula. Insha zina zake, mtihani una zake. Mwisho kabisa wa karatasi yake yeye palikuwa na mstari mmoja mfupi: kushiriki darasani, 10.

Yaani alama kumi za kufungua mdomo. Daftari la wino wa kijani ndilo lililokuwa mizani. Kistari, mwanafunzi ameuliza. Nukta, amejibu. Kiduara, amempinga mwalimu.

"Kiduara ndicho nilichokuwa nakisaka," aliniambia. "Nukta hata kasuku atakupa."

Haikuwa rahisi kwake. Yeye mwenyewe alisoma chuo cha Kurani hapa hapa Unguja, kwa juzuu na bakora, ambapo mtoto akimkodolea macho mwalimu tu, keshakosa adabu. "Halafu nafika kule naambiwa anayenyamaza nimkate alama. Nimkate kwa kulelewa vizuri? Wiki ya kwanza mkono ulinitetemeka, wallahi."

Nikadhani nimeshaipata makala yangu: Mmarekani kaleta maswali, Mwarabu kaleta ukimya. Akaniona ninavyoandika, akaigonga meza kwa kidole.

"Hilo usiliandike. Waarabu walikuwa na munadhara karne nyingi kabla ya hiyo Marekani kupata jina. Watu wamebishana dini na falsafa Baghdad mbele ya makhalifa. Wanafunzi wangu walikuwa wakibishana mpaka sauti zinawakauka, huko kwenye mkahawa, kwa Kiarabu. Wakiingia darasani, kwa Kiingereza, mbele ya mtu mwenye daftari, ndipo ndimi zinakuwa nzito."

Jina la tisa lilikuwa la binti aliyekaa safu ya mbele na kuandika insha zilizomkosesha mwalimu wake usingizi. Safu mbili nyuma yake alikaa mtoto wa ami yake. Neno lolote ambalo angelisema lingefika nyumbani kwao kabla yeye mwenyewe hajavua viatu. Wiki nane hakutoa sauti.

Wiki ya tisa mwalimu akaja na kopo tupu la maziwa ya unga, akalitoboa kifuniko kama kibubu. Anayetaka kuuliza na aandike, bila jina, kwa lugha aitakayo. Karatasi ya tatu aliyoichomoa ilikuwa ya Kiarabu. Akaisoma kwa sauti:

"Mwalimu, nikikupinga kwa sababu kupinga kuna alama, nimekupinga au nimekutii?"

Darasa likacheka, kisha likatulia, wote wakimwangalia yeye.

"Ulijibu nini?" nikamuuliza.

"Nilisema muda umekwisha." Akasogeza kikombe chake. "Haukuwa umekwisha."

Swali hilo lilinifuata hadi nyumbani, na kwenye vitabu likanipeleka Beirut. Huko ndiko mtindo huu ulikoanzia katika nchi za Kiarabu, kwenye chuo kilichofunguliwa na wamisionari wa Kimarekani mwaka 1866, ambacho tangu 1920 kinaitwa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Kwenye mahafali ya 1882, miezi michache baada ya Darwin, mwenye nadharia ya mageuzi, kufariki, mwalimu wa kemia Edwin Lewis alimtaja Darwin kwa heshima katika hotuba yake. Wakubwa wa chuo, na bodi yao iliyokuwa New York, hawakupendezwa. Lewis akaondoka. Wanafunzi wa udaktari wakagoma ili kumtetea, wakasimamishwa masomo. Mmoja wao, Jurji Zaydan, hakuupata udaktari. Aliishia Cairo, na mwaka 1892 akaanzisha *Al-Hilal*, jarida lililokuja kusomwa kote katika nchi za Kiarabu.

Juma lililofuata nilirudi kumsimulia. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa mtandio. "Kumbe waliopata kiduara cha kwanza ndio waliotolewa nje!"

Na uamuzi mwingine juu ya vyuo hivi bado unatoka mbali. Chuo Kikuu cha Texas A&M kilikuwa kikifundisha wahandisi Doha tangu 2003. Februari 2024 bodi yake, ikikutana Texas, ilipiga kura kulifunga tawi hilo ifikapo 2028. Mapema 2025 Washington iliposimamisha misaada yake ya nje, wanafunzi waliokuwa wakisomeshwa na misaada hiyo Misri na Lebanon waliamka hawajui ada itatoka wapi. Wenyeji nao wana lao: mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Qatar kiliamriwa kurudisha masomo kadhaa kwenye Kiarabu, baada ya wazazi kulalamika kwamba Kiingereza kinawafungia watoto wao mlango. Hata hivyo mtindo haujazikwa. Chuo Kikuu cha New York kipo Abu Dhabi tangu 2010, na Georgetown bado kipo Doha.

Mwalimu wangu hakushtushwa na lolote kati ya hayo.

"Majengo yatabaki. Na wasipoyataka Wamarekani, wengine watayapanga. Vyeti vitabaki, kwa sababu vinaleta kazi. Mie nasumbuka na kiduara. Ndani ya darasa namlipa mtoto kwa kusema. Akivuka geti, hakuna wa kumlipa. Wengine watamtoza."

"Sasa mlikuwa mkiwafundisha nini, Mwalimu?"

Hakunijibu. Akaniongezea kahawa.

Nikauliza juu ya jina la tisa. Alimpa alama zote kumi. Mwandiko wa ile karatasi aliujua. Alikuwa amesahihisha insha za binti yule muhula mzima. Mkuu wake wa idara akadai ushahidi, maana kwenye daftari safu ilikuwa nyeupe pe. Akajibu kwamba anamfahamu mwanafunzi wake, na mkutano ukaisha vibaya. Aliyekuwa na vistari vingi kuliko wote alipata nane, akalalamika, na mwalimu anakiri kwamba alikuwa na haki ya kulalamika.

"Lakini si ungemwekea hicho kiduara kimoja tu? Mambo yangekwisha."

"Daftari nalibeba mkononi, naliacha mezani, kila mtu analichungulia. Kiduara peke yake, wiki ya tisa, mbele ya jina la mtoto asiyesema. Nani asingejua lile swali ni la nani?"

Binti huyo yuko wapi leo, hajui. Wengine hukutana nao, mmoja dirishani benki, mwingine uwanja wa ndege, na wote humwamkia kwa adabu, kwa sauti ya chini.

Kabla sijaaga nikaomba nipige picha ukurasa ule, ile safu nyeupe tu, majina nitayaziba. Akalichukua daftari mkononi mwangu, akalifunga, akaligeuza, akalifungua upande wa pili.

"Chokaa," akasema. "Si ndiyo uliyoijia?"