Kihisi cha Joto Kinapodanganya Injini

Alfajiri, jua likiwa bado halijachomoza juu ya majabali ya Mwanza, gari dogo lawashwa mara tatu, mara nne, ndipo linapokubali kunguruma. Nyuma yake watoka moshi mweusi wenye harufu ya petroli. Mwenye gari hubadilisha plagi, kisha chujio la hewa. Baada ya muda moshi hurudi. Yawezekana kosa halimo katika sehemu hizo, bali katika kifaa kidogo kama kidole gumba, kilichozamishwa katika maji ya kupozea injini: kihisi cha joto, ambacho mafundi hukiita sensa.

Kazi ya Kihisi

Zamani za kabureta, dereva mwenyewe alivuta choki asubuhi ili injini baridi ipate petroli zaidi, kwa maana petroli haigeuki mvuke kwa urahisi penye baridi, na isiyogeuka mvuke haiungui vema. Katika magari ya siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya injini, nayo hutegemea habari inazoletewa na kihisi.

Ndani ya kihisi mna kipande cha nusu-kipitishi, aghalabu cha oksidi za metali kama manganizi na nikeli. Ukinzani wa waya wa shaba huongezeka unapopata joto. Ukinzani wa kipande hiki hupungua. Katika vihisi vingi huwa kama omu 2,500 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka hadi kama omu 300 kwenye nyuzi 80. Kompyuta hupeleka volti 5 kupitia kikinzani kisichobadilika, kisha husoma volti zilizo kwenye kihisi. Mathalani, kikinzani hicho kikiwa cha omu 2,000, itasoma volti 2.78 kwenye nyuzi 20, na volti 0.65 kwenye nyuzi 80.

Dalili za Ubovu

Waya ukikatika kabisa, kompyuta huona baridi ya kama nyuzi 40 chini ya sifuri. Mara nyingi hutambua kwamba jambo hilo haliwezekani, ikawasha taa ya injini na kutumia kadirio lake yenyewe.

Hatari zaidi ni uongo mdogo. Kutu kwenye kiungio cha waya huongeza ukinzani. Injini ina nyuzi 85, kompyuta yaambiwa 40. Habari hiyo yasadikika, hivyo taa huenda isiwake. Petroli humiminwa kupita kiasi, moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, na petroli ya ziada huosha oili katika kuta za silinda, chuma kikasagana na chuma. Kinyume chake, kihisi kikisema kuna joto ilhali injini ni baridi, injini hunyimwa petroli na huwa ngumu kuwaka. Tena, palipo na feni ya rejeta inayoamriwa kwa kihisi hichohicho, feni yaweza kukosa kuzunguka na maji yakachemka.

Lakini moshi mweusi peke yake si ushahidi. Chujio lililoziba huuleta vilevile, na maji yakipungua kihisi hubaki hewani kikatoa habari potofu. Kiasi cha maji kikaguliwe injini ikiwa baridi. Maji ya rejeta hushikiliwa kwa kanieneo. Kifuniko kikifunguliwa yakiwa moto, huchemka papo hapo na kumwunguza mtu vibaya.

Jaribio la Shuleni

Kihisi kilichotolewa garini chaweza kupimwa katika maabara. Mwalimu akining'inize pamoja na kipimajoto katika chombo cha maji, ncha zake za umeme zikiwa juu ya maji, na aunganishe mita ya omu. Maji yapashwe polepole. Wanafunzi waandike ukinzani kila baada ya nyuzi 10, kisha wachore grafu. Kihisi kizima hutoa mkunjo laini unaoshuka; kibovu huruka ghafula, au hutofautiana mno na takwimu za mtengenezaji.

Mjini Mwanza maji yatachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Hapo mwanafunzi asikilaumu kipimajoto: mji uko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko Dar es Salaam. Kihisi kikifaulu jaribio hili kisinunuliwe kingine. Uchunguzi uhamie kwenye waya na viungio vyake.