Spitfire Ile Ile, Bei Mbalimbali: Boksi la Kununua Ukirudi Kwenye Modeli za Ndege

Aliyeacha kuunda modeli za ndege akiwa kijana huko Uingereza, akaingia dukani leo akiwa na mvi, ataikuta Spitfire bado iko rafuni. Tofauti ni kwamba siku hizi hutengenezwa na kampuni nyingi, na bei zimeachana sana. Spitfire Mk.I ya Airfix ya kipimo cha 1/72 huuzwa karibu pauni 10. Ya Tamiya ya 1/48 hukaribia pauni 30. Ukienda 1/32, pauni 100 huenda zisitoshe. Mimi nazipima zote kwa kigezo kimoja: ni ipi itakayomalizwa na mtu ambaye hajashika kisu na gundi kwa miaka mingi?

Tuanze na ukubwa, maana macho yamebadilika kuliko mikono. Spitfire halisi ilikuwa na mabawa ya mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Kwa 1/72 hiyo ni sentimita 15 na nusu, kwa 1/48 ni zaidi kidogo ya 23, na kwa 1/32 ni 35. Katika 1/72, usukani wa rubani ni mwembamba kama sindano, na ukiruka kutoka kwenye kibano ukaangukia zulia, umepotea. Kwa mtu anayesoma kwa miwani, 1/48 ni nafuu kubwa. Lakini kama unapenda ndege kubwa, kumbuka nafasi: Lancaster ya 1/48 ina mabawa ya sentimita 65 hivi, na lazima ikae mahali.

Linalowagharimu wengi zaidi ni kalibu. Boksi linaweza kuwa jipya, picha yake ya kuvutia, na ndani mkawa na plastiki iliyomwagwa katika kalibu ya miaka hamsini iliyopita. Kampuni huuziana na kurithishana kalibu. Zile za Matchbox, kwa mfano, ziliishia Revell. Hata kampuni moja inaweza kuwa na mbili za ndege ile ile: Tamiya ilitoa Spitfire Mk.I ya 1/48 miaka ya 1990, kisha ikachonga nyingine kabisa mwaka 2018. Hii ya pili, namba 61119, ndiyo ya kutafuta. Airfix nayo huziweka kalibu zake nyingi za zamani chini ya jina la Vintage Classics, na huo ni uungwana kwa mnunuzi. Kalibu ya zamani utaijua kwa mistari ya mabati iliyoinuka badala ya kuzama, na kwa mianya kati ya bawa na kiwiliwili inayodai puti na msasa usiokwisha. Kabla ya kulipa, andika jina la boksi katika tovuti ya Scalemates. Itakuonyesha bure kalibu ilianza mwaka gani.

Eduard ya Ucheki inastahili neno lake. Ndege ile ile huiuza kwa namna mbili. Toleo la Weekend lina plastiki na stika tu. ProfiPACK huongeza vipande vya chuma chembamba, kama mikanda ya kiti na dashibodi iliyokwisha kupakwa rangi, pamoja na vibandiko vilivyokatwa tayari vya kufunika vioo wakati wa kupaka. Vibandiko hivyo ni msaada wa kweli. Chuma, kwa anayeanza upya, ni mateso, kwani hakishiki kwa gundi ya plastiki na hupinda ukikigusa vibaya. Chukua Weekend, vibandiko uvinunue kando.

Sasa hesabu ya vifaa. Koleo zuri la kukatia vipande kwenye fremu ni kama pauni 15, na hapa usibane pesa, kwa sababu koleo butu hung'oa plastiki. Gundi nyepesi ya majimaji, ile inayopitishwa kwenye maungio kwa brashi na kuyeyusha plastiki mpaka ikashikana, ni pauni 5 hivi, na inaishinda mbali ile nzito ya mrija tuliyoizoea. Brashi mbili tatu nzuri ni pauni 10. Kisu na msasa, pauni 8. Rangi za Spitfire ya 1940 ni tano: kahawia ya udongo, kijani kilichokolea, ile ya tumboni iitwayo Sky, kijani-kijivu cha chumba cha rubani, na nyeusi. Kwa pauni 3 kila chupa, ni 15. Jumla ni pauni 53 kabla ya kununua ndege yenyewe.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua. Ukiongeza Airfix ya pauni 10 unafika 63; ukiongeza Tamiya unafika 83. Tofauti ya pauni 20 inakununulia vipande vinavyokaa bila kulazimishwa, na vifaa vinabaki kwa ndege zijazo.

Kwa rangi, anza na za maji kama Vallejo. Enameli za Humbrol bado zipo na bado hulala vizuri, ila hungoja hadi kesho yake kukauka na harufu yake inadai dirisha wazi. Brashi ya hewa pamoja na kompresa ya bei ya chini hufika pauni 100. Iache hadi umalize ndege mbili au tatu kwa mkono.

Maboksi ya mitumba hupatikana kwa bei nzuri, hasa kwenye maonyesho ya modeli mjini Telford kila Novemba. Hakikisha vioo havijapasuka na stika hazijageuka manjano. Ukiagiza Japani, ongeza kodi ya VAT na nauli ndipo uite nafuu. Na kama una ndugu Nairobi au Dar anayekusubiri umletee, mpelekee boksi, lakini thina, enameli na gundi ya plastiki huwaka moto na haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege.

Uamuzi wangu: Tamiya 61119, au Eduard Weekend ya 1/48 ukiikuta kwa bei ndogo zaidi. Kama huna hakika kwamba hamu bado ipo, chukua seti ya Airfix ya wanaoanza, yenye rangi, gundi na brashi ndani yake, kwa pauni 15 hivi, na uongeze koleo.