Fahamu: Kobalti ya Katanga ina nini?

Februari 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliko Katanga, ilisimamisha kuuza kobalti nje. Oktoba ikaweka mgao wa mauzo hayo. Kwa nini madini haya yanagombaniwa hivyo? Jibu ni la kemia.

Katika atomu, elektroni za nje ndizo zinazoshughulika na majirani. Za ndani kabisa zimetulia. Kwa mfano, shaba ina elektroni 29. Moja tu iko tabaka la nje, nayo haikai kwake: huzurura metali nzima, ndiyo maana waya hupitisha umeme. Kobalti, yenye 27, ni mkopeshaji mzuri: ndani ya betri hutoa elektroni simu ikichajiwa, huipokea tena ikitumika.

Na malakiti ya kijani, ile inayochongwa mapambo? Ndani yake kila atomu ya shaba imekwisha kuachia elektroni mbili: ile ya nje na moja ya tabaka linalofuata.