Seva Ipimwe Mwisho wa Njia: Uteuzi na Usanidi wa Seva za Programu Badilifu za Wavuti kwa Watumiaji wa Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kuteua na kusanidi seva za programu badilifu za wavuti pale ambapo watumiaji wako mbali na wanategemea mtandao wa simu. Mfano unaotumika ni mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, na mahali panapochukuliwa kuwa kipimo ni Mununga, katika mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia. Hoja kuu ni kwamba kinachoielemea seva si wingi wa watumiaji peke yake, bali pia muda ambao kila mmoja wao anaishikilia. Kwa hiyo usanidi ufaao huanza kwa kumpima mtumiaji mwenye mawasiliano dhaifu kuliko wote.

1. Utangulizi

Mununga iko katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa mji wa Nchelenge, katika Jimbo la Luapula. Ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye miji ya Kilwa na Pweto, ambako Kiswahili cha Katanga husikika sokoni na majumbani. Upande wa Zambia Kibemba ndicho lugha kuu ya mawasiliano. Watu na samaki huvuka ziwa hilo, na maradhi huvuka pamoja nao. Nchelenge inafahamika katika tafiti za malaria kuwa miongoni mwa maeneo ya Zambia yenye maambukizi makubwa.

Nchi zote mbili hutumia DHIS2 katika mifumo yao ya kitaifa ya taarifa za afya. Idadi ya wagonjwa iliyoandikwa katika daftari la zahanati hutumwa kwa kivinjari, hupita katika mtandao wa simu na hupokewa na seva kabla ya kuonekana wizarani. Ripoti ikikatika njiani, jedwali la taifa hubaki na pengo. Kwa msomaji mwenye haraka, zahanati iliyokosa kuwasilisha ripoti na zahanati iliyokosa wagonjwa zinaweza kufanana, ilhali moja inahitaji dawa na nyingine haihitaji. Ndiyo maana usanidi wa seva, unaodhaniwa kuwa jambo la mafundi peke yao, unamhusu pia mgonjwa aliye kando ya ziwa.

2. Neno moja, maana tatu

Istilahi seva imekwisha kukubalika katika Kiswahili, lakini hubeba maana ambazo aghalabu huchanganywa. Kwanza, seva ni mashine, yaani kompyuta iliyowashwa saa zote ili kuwahudumia wengine. Pili, ni programu inayopokea maombi ya vivinjari na kurudisha majibu. Mifano yake ni Apache, iliyoanza mwaka 1995, na nginx, iliyotolewa kwa umma na Igor Sysoev mwaka 2004. Tatu, ni programu inayoendesha mantiki ya mfumo wenyewe, kama vile Tomcat kwa mifumo iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Katika makala hii maana ya kwanza itaitwa mashine, ya pili seva ya mbele, na ya tatu seva ya programu.

Tofauti ya pili ni kati ya tovuti tuli na programu badilifu. Tovuti tuli hutoa faili lile lile kwa kila aombaye. Programu badilifu huunda jibu upya kwa kila ombi: humtambua mtumiaji, huuliza hifadhidata, hukokotoa, kisha hupanga matokeo. DHIS2 ni ya aina hii. Imeandikwa kwa Java, huendeshwa ndani ya Tomcat, na huhifadhi data zake katika PostgreSQL.

3. Funzo la Kenya, 2011

Kabla ya muongo wa 2010, njia iliyozoeleka barani Afrika ilikuwa kusakinisha nakala ya mfumo wa taarifa za afya katika kompyuta za kila wilaya. Njia hiyo haikuhitaji intaneti ya kudumu, lakini ilizaa matatizo mengine: matoleo ya programu yalitofautiana, virusi viliharibu mashine, na data zilisafirishwa kwa vifaa vya kubebeka ili ziunganishwe.

Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, na mtandao wa simu ulipopanuka, Kenya ilichagua njia nyingine. Mwaka 2011 ilisambaza DHIS2 kitaifa kwa kutumia seva moja ya kati iliyofikiwa kwa kivinjari, ikawa nchi ya kwanza Kusini mwa Sahara kuwa na mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya unaotegemea intaneti kikamilifu. Watumiaji wengi waliunganishwa kwa modemu za simu. Mashine ilihitaji kuwekwa mahali penye njia ya uhakika ya kutoka na kuingia, na kwa sababu hiyo ilitumika seva ya kukodi badala ya kutegemea chumba cha mashine cha wizara. Uganda na Rwanda zilifuata mkondo huo mwaka 2012.

Funzo lake ni kwamba mashine yenye nguvu isiyofikika haina faida kuliko mashine ya wastani inayofikika. Hata hivyo, uamuzi wa mahali pa kuiweka una upande wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Zambia ya mwaka 2021 imeweka kanuni kwamba data binafsi zihifadhiwe katika seva zilizo nchini humo. Jumla za wagonjwa zisizo na majina na rekodi za mgonjwa mmoja mmoja hazina budi kutenganishwa kabla ya mashine kukodiwa.

4. Hesabu ya mtumiaji wa polepole

Seva ya programu hugawa kazi kwa nyuzi. Uzi mmoja hushughulikia ombi moja hadi litakapokwisha. Tomcat isipobadilishwa huruhusu nyuzi 200. Idadi ya nyuzi zinazoshikiliwa kwa wakati mmoja ni zao la vitu viwili: maombi yanayofika kwa sekunde, na sekunde ambazo kila ombi linaushikilia uzi.

Chukua mfano wa kukokotoa. Katika siku za mwanzo za mwezi, ripoti zinapowasilishwa kwa pamoja, maombi 10 yanafika kila sekunde. Kazi halisi ya kila ombi, pamoja na kuuliza hifadhidata, ni sekunde 0.2. Nyuzi zinazohitajika ni 2 tu. Sasa watumiaji wawe katika mtandao dhaifu, ambapo kutuma fomu na kupokea jibu huchukua sekunde 20, na uzi unalazimika kungoja muda wote huo. Nyuzi zinazohitajika zinakuwa 200. Kiwango kimefikiwa, na kila atakayefuata atakaa kwenye foleni, ingawa prosesa ya mashine karibu haina kazi.

Hali hii huwapotosha wasimamizi. Wakiona watumiaji wanalalamika, hununua mashine kubwa zaidi. Au huongeza nyuzi hadi 1,000, kisha hugundua kwamba PostgreSQL, isipobadilishwa, hupokea miunganisho 100 tu. Tatizo halikuwa nguvu. Ni kana kwamba mpishi amezuiwa mezani akimngoja mlaji amalize, na jiko limepoa.

Seva ya mbele huondoa kizuizi hicho. nginx ilibuniwa katika kipindi ambacho wataalamu walijadili namna ya kuhudumia miunganisho 10,000 kwa mashine moja, swali lililotolewa na Dan Kegel mwaka 1999. Mchakato wake mmoja huangalia maelfu ya miunganisho bila kutenga uzi kwa kila mmoja. Inapowekwa mbele ya Tomcat, hupokea fomu yote kutoka kwa mtumiaji wa polepole, huiweka akiba, kisha huikabidhi kwa mkupuo. Tomcat hujibu kwa sekunde 0.2 na kuachiliwa. Seva ya mbele ndiyo inayobaki kumpelekea mtumiaji jibu taratibu. Nyuzi 200 zinarudi kuwa 2.

5. Vigezo vya uteuzi

Kutokana na hesabu hiyo, maswali mawili ya uteuzi yanatengana. Seva ya programu huamuliwa na lugha ambayo mfumo umeandikwa: Tomcat kwa Java, PHP-FPM kwa PHP, Gunicorn kwa Python. Seva ya mbele huamuliwa na njia ya mtumiaji. nginx hufaa kwa sababu uwekaji akiba uliotajwa ni tabia yake ya msingi. Apache nayo inaweza kufanya kazi ya mbele. Tangu toleo la 2.4 la mwaka 2012 ina utaratibu unaoishikilia miunganisho isiyo na kazi bila kufunga nyuzi. Timu inayoijua Apache vizuri haina sababu ya kuiacha kwa ajili ya mtindo.

Idadi ya michakato nayo hufuata mashine. Watengenezaji wa Gunicorn hupendekeza mara mbili ya viini vya prosesa, na mmoja juu yake. Kwa PHP-FPM kigezo ni kumbukumbu: zikibaki megabaiti 3,000 na kila mchakato ukatumia 60, kikomo ni 50.

6. Usanidi unaomfikiria aliye mbali

Baada ya uteuzi, mambo matano yanahitaji kuangaliwa.

Kwanza ni kubana data. nginx haibani majibu mpaka iamriwe, na hata ikiamriwa hubana kurasa za HTML pekee. DHIS2 hutuma sehemu kubwa ya data kwa muundo wa JSON, ambao lazima uongezwe kwenye orodha.

Pili ni usimbaji wa mawasiliano. Kila safari ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 600, kufungua muunganisho kwa TLS 1.2 hutumia safari tatu, yaani sekunde 1.8, kabla ya ombi kuondoka. TLS 1.3, iliyoidhinishwa mwaka 2018, hutumia mbili, yaani sekunde 1.2.

Tatu ni vikomo. nginx hukataa fomu inayozidi megabaiti 1 na hukata tamaa seva ya programu inaponyamaza kwa sekunde 60. Ripoti nzito za mwisho wa mwaka huweza kuvuka vikomo vyote viwili.

Nne ni kurudia ombi. Jibu likipotea njiani, mtumiaji hubonyeza tena. Katika DHIS2 kila thamani hutambulishwa kwa kipengele cha data, kituo na kipindi, hivyo utumaji wa pili hufunika wa kwanza bila kuhesabu wagonjwa mara mbili. Mfumo usio na sifa hiyo haupaswi kupelekwa penye mtandao wa kukatika.

Tano ni kufanya kazi bila mtandao. Fomu ya DHIS2 huweza kuhifadhi takwimu ndani ya kivinjari na kuzituma mawasiliano yanaporudi. Hakuna usanidi wa seva unaoziba nafasi ya uwezo huu.

7. Hitimisho

Majaribio ya seva hufanywa mara nyingi ndani ya jengo lenye intaneti ya kasi, na kila seva hufaulu humo. Vivinjari vya leo vina zana za kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi. Jaribio lifanywe kwa kasi hiyo, kwa fomu kamili ya mwezi, na kwa watumiaji wengi kwa pamoja. Wakati wa jaribio zihesabiwe nyuzi zinazoshikiliwa, si matumizi ya prosesa peke yake. Aidha, maelekezo ya kazi hii yanapaswa kuandikwa kwa istilahi zinazotenganisha mashine, seva ya mbele na seva ya programu, kwa kuwa fundi aliyeambiwa tu kwamba seva imezidiwa hajaambiwa atengeneze nini. Zahanati ya Mununga ikiweza kuwasilisha ripoti yake siku ambayo mawasiliano ni dhaifu, mfumo utakuwa umesanidiwa vyema kwa nchi nzima.