Mayotte: Moto Chini ya Bahari, Mstari Juu Yake

Mkoa wetu wa Singida una kilomita za mraba zaidi ya 49,000. Mayotte ina 374. Unaweza kuipanga Mayotte zaidi ya mara mia ndani ya Singida na bado ukabakiwa na mashamba ya alizeti. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kufundisha Jiografia sekondari hapa Singida mjini, hakuna kisiwa ambacho wanafunzi hukiulizia maswali mengi kuliko hicho, na hakuna kinachonigusa zaidi.

Wenyeji wanakiita Maore. Kiko katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji, kati ya Msumbiji na Madagaska, na ni kimoja cha visiwa vinne vya Komoro. Vitatu, yaani Ngazidja, Nzwani na Mwali, ni nchi huru inayoitwa Muungano wa Komoro. Cha nne, Mayotte, ni sehemu ya Ufaransa. Vyote vinne vimetokana na volkano. Wanafunzi wakisikia hivyo huamua papo hapo kwamba adui wa watu wa huko ni mlima utakaolipuka. Huwaambia wasubiri kwanza tumalize somo.

Kisiwa kinavyozaliwa na kuzeeka

Majabali yaliyotapakaa mjini kwetu ni graniti. Nayo yalikuwa moto, lakini yalipoa polepole chini kabisa ya ardhi, ndiyo maana ukilisogelea jiwe unaziona chembe zake zikimetameta. Umri wake unakaribia miaka bilioni 2.5 au unazidi. Miamba ya Mayotte ina hadithi nyingine. Ilitoka ikiwa lava, ikapoa upesi, na chembe zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka, si mabilioni.

Katika visiwa vya Komoro, Mayotte ndiyo kongwe zaidi na Ngazidja ndiyo changa zaidi. Ngazidja bado ina Karthala, mlima wenye mita 2,361 ambao hulipuka mara kwa mara. Mayotte imekwisha kulika kwa mvua na kudidimia kwa uzito wake yenyewe. Kilele chake kirefu, Benara, kina mita 660 tu. Lakini kisiwa kinapodidimia, matumbawe ya pembezoni hayakubali kuzama nacho. Yanahitaji mwanga wa jua, kwa hiyo huendelea kujijenga kuelekea juu. Ndivyo Mayotte ilivyopata ukuta mrefu wa matumbawe, na ndani ya ukuta huo bahari tulivu ya kilomita za mraba zipatazo 1,100, karibu mara tatu ya nchi kavu yenyewe. Kasa huja kutaga kwenye fukwe zake, na nguva wachache bado wamo.

Mtu wa Singida akifika Petite-Terre, kisiwa kidogo cha Mayotte kilicho upande wa mashariki, chenye uwanja wa ndege, atakuta kitu anachokifahamu. Ndani ya kreta kuna ziwa liitwalo Dziani Dzaha, kijani kibichi, lenye chumvi na magadi. Sisi tuna Singidani na Kindai, maziwa ambayo nayo maji yake hayanyweki, kwa sababu maji huingia yasipate pa kutokea, jua likayanywa na kuacha chumvi. Ukijani wa Dziani Dzaha unatokana na vijimea vidogo sana viitwavyo Arthrospira. Ni jamaa wa vile wanavyokula heroe, ndege ambao wengi wetu tunawaita flamingo, katika maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki.

Moto wenyewe haujazimika. Tarehe 10 Mei 2018 ardhi ya Mayotte ilianza kutetemeka. Siku tano baadaye likaja tetemeko la kipimo cha 5.8, na familia nyingi zikaogopa kulala ndani. Mitetemo ikaendelea kwa miezi. Tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, mawimbi ya ajabu, mazito na ya taratibu, yalitoka upande wa Mayotte yakanaswa na mitambo ya Kenya hadi ile ya Hawaii. Binadamu hawakuyahisi. Mwezi Mei 2019 wanasayansi waliokuwa ndani ya meli ya utafiti Marion Dufresne wakapata jibu. Umbali wa kilomita 50 hivi mashariki mwa kisiwa, penye kina cha mita 3,500, palikuwa na mlima mpya wa mita 820 usiokuwepo miaka michache tu kabla. Ulipewa jina la Fani Maore. Kwa kuwa lava nyingi mno ilitoka chini, kisiwa kizima kilishuka na kusogea mashariki kwa zaidi ya sentimita kumi.

Mlima mrefu kuliko jengo lolote Afrika ulizaliwa jirani na watu robo milioni, na haukuua hata mmoja.

Watu wa Maore

Niliijua Mayotte kabla sijaisoma vitabuni. Nilipokuwa chuo Dar es Salaam nilipanga chumba Kariakoo, kwa bibi mmoja Mngazija. Aliniita mwanangu, nami nilimwita Bibi. Jioni alikaa barazani na kunisimulia habari za mdogo wake aliyeolewa Mayotte. Zamani hizo, alisema, watu walipanda jahazi kwenda arusini au mazishini kama sisi tunavyopanda basi kwenda Manyoni, na hakuna aliyewauliza hati.

Kwake nilijifunza kwamba nyumba ni ya mwanamke. Huko Komoro, na Mayotte vilevile, binti hujengewa nyumba na ukoo wake, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Kwetu Wanyaturu bibi arusi ndiye anayeondoka kwao, kwa hiyo jambo hilo lilinishangaza, kisha likanifundisha kwa nini wanawake wa Mayotte wana sauti kubwa katika mambo ya nchi yao.

Uso wake aliupaka liwa ya msandali, na wanawake wa Mayotte nao hufanya hivyo, wakiivalia saluva, vazi la kitambaa chenye rangi kali. Alipika kisamvu cha nazi, ambacho huko huitwa mataba. Siku hizi chakula cha mtaani kinachopendwa sana Mayotte ni mabawa ya kuku ya kuchoma, na jina ni hilohilo, mabawa. Mengi huja yamegandishwa, kwa meli.

Wengi wa watu huzungumza Kimaore, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wengine huzungumza Kibushi, ambacho ni Kimalagasi, kwa sababu Madagaska iko jirani. Kifaransa ni lugha ya ofisi na shule. Karibu wote ni Waislamu. Katika kijiji cha Tsingoni kuna msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya mwaka 1538, na bado unasaliwa. Ndio msikiti mkongwe kuliko yote inayotumika katika himaya ya Ufaransa ya leo. Ulijengwa zama zilezile ambazo masultani wa Kilwa na Malindi walikuwa majirani wa kibiashara wa visiwa hivi.

Mstari uliochorwa baharini

Mwaka 1841 Sultani Andriantsoly, mkimbizi wa kifalme kutoka Madagaska aliyekuwa akitawala Mayotte huku akiandamwa na maadui pande zote, aliwakabidhi Wafaransa kisiwa hicho. Visiwa vingine vitatu viliingia chini ya Ufaransa baadaye, mwaka 1886. Makao makuu ya visiwa vyote yalikuwa Dzaoudzi, Mayotte, mpaka yalipohamishiwa Moroni, Ngazidja, na watu wa Mayotte wakaona kazi na fedha vikihama nayo.

Waliosimama mbele kupinga ni wanawake. Katika miaka ya 1960, wakiongozwa na Zéna M'Déré, waliwazingira viongozi waliotumwa kutoka Moroni na kuwatekenya mpaka wakakimbia. Mwenzao mmoja, Zakia Madi, aliuawa mwaka 1969 katika vurugu. Hao wanakumbukwa huko kama mashujaa.

Desemba 1974 visiwa vinne vilipiga kura. Kwa jumla yake karibu asilimia 95 walitaka uhuru, lakini Mayotte peke yake zaidi ya asilimia 60 waliukataa. Tarehe 6 Julai 1975 kiongozi wa serikali ya visiwa, Ahmed Abdallah, akatangaza uhuru wa Komoro. Ufaransa ikabaki Mayotte. Umoja wa Mataifa ulilaani jambo hilo mwaka 1976, na Komoro inadai kisiwa hicho mpaka leo. Wamaore kwa upande wao walipiga kura tena mwaka 2009, zaidi ya asilimia 95 wakataka wawe mkoa kamili, na mwaka 2011 Mayotte ikawa mkoa wa 101 wa Ufaransa.

Mimi siwalaumu waliopiga kura hiyo. Waliona mapinduzi yakirudiarudia Moroni, wakaona hospitali na shule upande wao. Ninachokilaumu ni kilichofuata. Januari 1995 Ufaransa iliweka visa kwa Wakomoro wanaokwenda Mayotte. Kutoka Nzwani ni kilomita 70 tu. Watu waliendelea kuvuka, safari hii usiku, wamejazana katika mashua ndogo za uvuvi ziitwazo kwasa-kwasa. Maelfu wamekufa maji humo: wajawazito, wagonjwa waliofuata hospitali, watoto. Mdogo wake Bibi alipofariki, Bibi hakwenda kumzika. Hakuwa na visa, na umri wa kupanda kwasa ulikuwa umempita. Matanga aliyaweka Kariakoo.

Wanaovuka siku hizi si Wakomoro peke yao. Mwaka 2023 uwanja wa michezo wa Cavani, mjini Mamoudzou, ulizungukwa na vibanda vya wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, wengi wao wakiongea Kiswahili. Barabara kuu inayopita hapa Singida kuelekea Nzega ndiyo njia ya Burundi na Rwanda, kwa hiyo nikiona vijana wageni wakishuka stendi na kibegi kimoja, huwaza kama bahari ndiyo mwisho wa safari yao.

Kilichoua

Mwaka 1978 Mayotte ilikuwa na watu 47,000. Sensa ya 2017 ilihesabu zaidi ya 256,000, karibu nusu yao wakiwa na uraia wa kigeni. Kwa kila kilomita ya mraba hapo ni watu 680 na zaidi; sisi Singida hatufiki 45. Mabwawa na mabomba hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Ukame ulipokuja mwaka 2023, maji yalifunguliwa siku moja katika kila tatu, na ya chupa yakaletwa kwa meli, kwenye kisiwa kinachopata mvua nyingi kuliko Singida.

Kisha, tarehe 14 Desemba 2024, kimbunga Chido kikapita na upepo wa zaidi ya kilomita 220 kwa saa, kikali kuliko chochote kilichoonekana huko kwa miaka 90. Mitaa ya mabati juu ya vilima vya Mamoudzou ilifutika. Serikali ilitangaza vifo 40. Wengi walikuwa wametahadharishwa wakimbilie shule na vituo vya usalama, lakini wasio na vibali waliogopa kwamba huko ndiko wangekamatwa, wakabaki chini ya mabati yao.

Hapo ndipo ninapowarudisha wanafunzi kwenye wazo lao la kwanza, la mlima utakaolipuka. Fani Maore inapimwa na mitambo usiku na mchana, na ni haki ipimwe. Lakini katika maisha ya waliopo leo, roho zilizopotea zimepotea kwenye mstari wa baharini na ndani ya vibanda ambavyo mstari huo uliwafungia watu.

Mwaka 2025 Ufaransa ilipitisha sheria ya kuijenga upya Mayotte, na masharti ya ukaazi yakakazwa. Paris na Moroni zitaendelea kubishana kuhusu bendera. Sisi tulio jirani, tunaokula chakula kimoja nao na ambao lugha zetu ni ndugu, tuna haki ya kuuliza mambo mepesi zaidi: maji kila siku, nyumba inayohimili upepo, na njia halali ya mtu kwenda kumzika nduguye kilomita sabini kutoka kwake.