Nyimbo za Iron Maiden zinazostahili kupumzishwa (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia nilieleza jinsi mpiga besi Steve Harris alivyoiunda Iron Maiden mashariki mwa London mwishoni mwa 1975, na jinsi mwimbaji Bruce Dickinson alivyojiunga nayo mwaka 1981 na bendi ikavuma dunia nzima. Leo nagusa suala linalowagombanisha wapenzi wa hevi metali kila bendi hii inapotangaza ziara: katika zilipendwa zake, zipi zishuke jukwaani?

Wengi hupima kwa umri wa wimbo. Sikubaliani nao. Onyesho la Iron Maiden huchukua kama saa 2, na kwa kuwa nyimbo zao ni ndefu, hupigwa 15, au 17 zikizidi sana. Wimbo uliojihakikishia nafasi ya kudumu unaunyima mwingine nafasi hiyo. Kwa hiyo swali langu ni hili: je, wimbo huu bado unawadai wanamuziki kitu, au wanaupiga kwa sababu tu waliupiga mwaka jana?

Bendi yenyewe ilishatuonyesha kwamba inawezekana. Ziara ya 2023 ilipoanza Ljubljana, Slovenia, nguzo tatu za albamu ya 1982 hazikuwemo: "Run to the Hills", "The Number of the Beast" na "Hallowed Be Thy Name". Badala yake mashabiki walisikia "Alexander the Great", wimbo wa 1986 ambao bendi haikuwa imewahi kuupiga mbele ya watu. Fikiria mtu aliyenunua albamu yenye wimbo huo ilipotoka, akiwa kijana wa miaka 18. Aliusubiri hadi akafika 55. Ziara hiyo iliendelea hadi Desemba 2024, ikafungwa São Paulo, usiku ambao mpiga drama Nicko McBrain aliaga maonyesho. Lakini ziara iliyofuata, ya 2025, ilizirudisha nyimbo zote tatu.

Mimi ningeanza na "Run to the Hills". Ulikuwa singo ya kwanza ya Dickinson akiwa na bendi, ukafika nafasi ya 7 Uingereza, na unasimulia kwa uchungu jinsi wazungu walivyowavamia wenyeji wa Amerika. Sina neno na utunzi. Tatizo ni kiitikio, kilichoandikwa kwa koo la kijana wa miaka 23, tena kikipanda juu mfululizo bila pa kuvutia pumzi. Dickinson alizaliwa Agosti 1958 na mwaka 2015 alitibiwa saratani iliyokuwa kwenye shina la ulimi. Kwamba anaimba bado, na kwa nguvu ile, ni ajabu kubwa. Sioni sababu ya kumlazimisha ashindane na kanda yake mwenyewe kila usiku.

"The Number of the Beast" nao upumzike. Mwaka 1982 vikundi vya kidini Marekani viliuona kuwa ibada ya shetani, na rekodi zikachomwa moto. Siku hizi wazazi huja na watoto wao kuuimba huku wakicheka, na wimbo uliotungwa kutisha ukishakuwa wa kuchekesha, kazi yake imekwisha. Ule unaobeba jina la bendi, "Iron Maiden", umefunga sehemu kuu ya maonyesho yasiyohesabika tangu miaka ya 1980 kwa kuwa ndio uliozoea kumleta Eddie, lile zimwi lao kubwa. Eddie siku hizi hutokea katika nyimbo nyingine pia. Kama wanataka kuienzi albamu ya kwanza, wanao "Phantom of the Opera", utunzi wenye vipande vingi unaombana kila mpigaji.

"Hallowed Be Thy Name" usiguswe kamwe. Ni sauti ya mtu anayesubiri kunyongwa, na koo la mzee linaubeba vizuri kuliko lilivyoubeba la kijana. Mwaka 2017 bendi iliuacha kwa muda kutokana na mzozo wa kisheria juu ya maneno yake, na pengo lilionekana. "The Trooper" pia ubaki. Ni mfupi, na magitaa mawili yanayokwenda sambamba ndiyo utambulisho wa bendi hii.

Kwa "Fear of the Dark" nilisita sana, maana umati huimba hata sehemu za gitaa na ni vigumu kuunyima furaha hiyo. Ila hesabu inanisukuma. Katika rekodi unachukua zaidi ya dakika 7. Ukijumlisha na zile tatu nilizokwisha kuzipumzisha unapata karibu dakika 20. "Empire of the Clouds" wa mwaka 2015 ni dakika 18. Dickinson aliutunga mwenyewe, akapiga piano mwenyewe, kuhusu R101, meli ya anga ya Uingereza iliyoanguka Ufaransa Oktoba 1930 na kuua watu 48. Mtunzi ni rubani aliyeirusha ndege ya bendi katika ziara zake, na wimbo wake mkubwa kuliko wote haujawahi kusikika jukwaani. Nyimbo nne zinazojulikana na kila mtu zinaweza kukaa kando usiku mmoja ili huo usikike.

Sehemu ya nne itamhusu Blaze Bayley, mwimbaji aliyeshika nafasi ya Dickinson alipoondoka kwa muda, na nyimbo za zama zake ambazo Dickinson alikubali kuziimba.